Zilipita Mtito Andei bila kusimama: Stori ya chembe zinazolipua nyota

Jumatatu, Februari 23, 1987, saa nne na dakika 35 asubuhi. Ikiwa mzazi wako alikuwa Mtito Andei siku hiyo, muulize anakumbuka nini. Hatakumbuka chochote. Malori yalikuwa yakipanda kuelekea Nairobi, abiria wa mabasi ya Mombasa walikuwa wameshuka kunywa chai, watoto walikuwa darasani. Kisha, kwa muda wa sekunde kumi na kidogo, kila sentimita ya mraba ya kila mwili uliokuwa pale ikapitiwa na chembe zaidi ya bilioni 10. Mwalimu, dereva, muuza ndizi, ng'ombe, ndovu kule Tsavo: wote walipenywa. Hakuna hata aliyekohoa.

Cha ajabu zaidi, chembe hizo hazikushuka kutoka juu. Ukipiga hesabu ya mahali nyota iliyozituma ilipokuwa saa hiyo, utaona ilikuwa bado chini ya upeo wa macho, upande wa kusini. Kwa hivyo zile zilizofika Mtito Andei ziliingia Duniani baharini, kusini mwa Madagascar, zikapenya karibu kilomita 3,000 za mwamba, zikatokea ardhini chini ya nyayo za watu, zikaendelea na safari yao. Mwendo haukupungua. Mji ambao karibu kila basi la Mombasa Road lazima lisimame, kwao haukuwa hata steji.

Chembe hizo zinaitwa nyutrino. Zilitoka kwa nyota moja iliyokuwa na jina la kuchosha, Sanduleak -69 202, iliyo mbali kiasi kwamba mwanga wake huchukua takriban miaka 168,000 kutufikia. Zilipoanza safari, binadamu kama sisi walikuwa tayari wanaishi Afrika, lakini hakuna aliyekuwa amejenga mji popote pale. Zilipofika, matangi matatu yaliyokuwa macho duniani yalizinasa. Na kwa mara ya kwanza, binadamu akapata kuchungulia ndani ya nyota inayokufa.

Pengine unajiuliza, kwani Mtito Andei inahusika vipi, ikiwa zilipita kila mahali, hata Eldoret na Tokyo? Ni kwa sababu ya mambo mawili yaliyojaa pale kuliko unavyodhani: chuma na giza. Tutafika huko. Kwanza tuelewe hiki kitu kisichosimama.

Nyutrino ni chembe ndogo isiyo na chaji ya umeme, na uzito wake ni mdogo hivi kwamba hadi leo hakuna aliyeweza kuupima kamili. Mwanafizikia Wolfgang Pauli aliipendekeza mwaka wa 1930 kwa sababu hesabu za nishati katika atomu fulani zilikuwa hazijumliki, kama mtu anayefunga duka jioni na kukuta pesa zimepungua kila siku. Akasema lazima kuna kitu kinatoroka nazo bila kuonekana. Ilichukua miaka 26 hadi Wamarekani Frederick Reines na Clyde Cowan walipomkamata mtoro huyo, mwaka wa 1956, karibu na tanuri la nyuklia.

Hebu tazama ukucha wa kidole gumba chako. Kila sekunde, zaidi ya nyutrino bilioni 60 kutoka kwa Jua hupita hapo. Mchana zinaingia kwa juu, usiku zinatokea chini kwa sababu zimepita katikati ya Dunia. Ukijenga ukuta wa risasi, ile metali nzito, wenye unene wa mwaka-nuru mzima, nyingi sana bado zitatokea upande wa pili. Msee hana mpango na ukuta wako.

Sasa hapa ndipo stori inapokuwa noma. Chembe hii ambayo haigusi kitu, hii ambayo hata tumbo lako haliwezi kuisimamisha, ndiyo inayodhaniwa kulipua nyota kubwa kabisa.

Nyota inavyojiporomokea

Nyota huishi kwa ugomvi. Uzito wake unaivuta ndani, na joto la moto wake wa nyuklia linasukuma nje. Mradi kuna kuni, pande zote mbili zinatoshana nguvu. Jua letu limekaa hivyo kwa miaka bilioni 4.6 na bado lina kuni za kutosha.

Nyota kubwa, zile zenye uzito wa zaidi ya Jua mara nane hivi, zina tabia ya mtu aliyepokea mshahara Ijumaa. Ile ya 1987 ilizaliwa na uzito wa karibu Jua 20. Nyota ya kiasi hicho hutumia haidrojeni ya moyoni mwake kwa miaka karibu milioni 10. Ikiisha, inachoma heliamu, kwa kama miaka milioni moja. Halafu kaboni, mamia ya miaka tu, ikizidi sana ni elfu moja. Oksijeni inamalizwa kwa kama mwaka mmoja. Silikoni, ambayo ndiyo kuni za mwisho, haimalizi hata wiki mbili.

Mbona haraka hivyo? Nyutrino tena. Moyo wa nyota ukipata joto la kiwango hicho, unaanza kuzalisha nyutrino nyingi mno, na kila moja inaondoka na kipande cha nishati. Joto la kawaida huchukua muda mrefu sana kupenya matabaka ya nyota hadi juu. Nyutrino haipigi foleni, inatoka papo hapo. Ni kama tangi lenye ufa chini: hata ukilijaza haraka namna gani, linavuja haraka zaidi. Nyota inalazimika kuchoma kwa fujo ili isiporomoke.

Majivu ya silikoni ni chuma. Na chuma hakina faida kwa nyota, kwa sababu kukiunganisha zaidi hakutoi nishati, kunaila. Chuma kinarundikana moyoni hadi kinafika uzito wa karibu Jua moja na nusu, kimeshindiliwa ndani ya mpira wenye ukubwa unaokaribia wa Dunia. Hapo hakuna tena kinachosukuma nje.

Moyo unaanguka. Unaporomoka kwa chini ya sekunde moja, sehemu zake za nje zikikimbia hadi kilomita 70,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka Nairobi hadi Mombasa na kurudi zaidi ya mara 70 kabla hujamaliza kutamka jina lako. Elektroni zinasukumwa ndani ya protoni, zinakuwa nyutroni, na kila mara hilo linapotokea nyutrino moja inazaliwa. Kinachobaki ni mpira wa nyutroni ambao hatimaye una upana wa kilomita 20 hivi, kama mji mmoja. Kijiko cha chai cha kitu hicho kina uzito wa mabilioni ya tani.

Mpira huo ukifika kikomo cha kushindiliwa, unadunda. Kila kilichokuwa kinaanguka juu yake kinagonga ukuta, na wimbi la mshtuko linarudi nje kwa hasira. Miaka mingi watu walidhani huo ndio mlipuko. Tatizo ni kwamba kila walipoweka hesabu kwenye kompyuta, wimbi hilo lilikuwa linakwama. Linapanda kilomita 100, 150, 200 hivi, halafu linaishiwa nguvu kwa sababu chuma kinaendelea kulimwagikia kutoka juu. Linasimama pale kama lori lililozimikia mlimani.

Kwenye kompyuta, nyota haikulipuka. Ilijimeza tu. Na kama hivyo ndivyo ilivyo, basi wewe husomi makala haya, kwa sababu ambazo nitakuonyesha baadaye.

Jamu ya Mombasa Road, toleo la mbinguni

Kama umewahi kukwama kwenye jamu ya malori kati ya Kibwezi na Voi, unajua nani hufika wa kwanza. Si lori, si basi, ni bodaboda. Anapita katikati, pembeni, kwenye vumbi, huyo ameenda.

Ndani ya nyota, mwanga ni lori. Kila chembe ya mwanga inagonga elektroni, inarudishwa, inagonga nyingine. Nyutrino ni bodaboda. Ila sekunde ile ambayo moyo wa nyota unaporomoka, msongamano unakuwa mbaya kiasi kwamba hata bodaboda anakwama. Hiyo ndiyo sehemu pekee ninayoijua ya maisha ya kawaida ya nyota ambapo nyutrino inalazimishwa kupanga foleni. Inagonga, inageuka, inagonga tena, na inachukua kama sekunde 10 kuchomoka, ilhali bila msongamano ingetoka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde.

Na zinapochomoka, zinaondoka na karibu kila kitu. Asilimia 99 ya nishati yote ya kuporomoka huko inabebwa na nyutrino. Nguvu ya kurusha matabaka ya nyota angani ni asilimia moja hivi. Ule mwanga wote, ule unaoweza kung'aa kushinda mabilioni ya nyota kwa pamoja, ni makombo ya makombo. Kwa sekunde hizo 10, nyota hutoa nishati zaidi ya mara 100 ya ile ambayo Jua letu litatoa katika uhai wake wote wa miaka bilioni 10. Kwa hivyo mtu akikuambia supanova ni mwanga mkubwa, mwambie mwanga ni vumbi tu lililoachwa na bodaboda.

Sasa rudi kwenye lile wimbi lililozimika. Mwaka wa 1966, Stirling Colgate na Richard White walitoa wazo: vipi kama nyutrino zikitoka, chache kati yake zinagonga gesi iliyo chini ya wimbi na kuipasha moto? Mwaka wa 1985, Hans Bethe na James Wilson wakaonyesha kwamba wimbi linaweza kusimama, likangoja sehemu ya sekunde, kisha likafufuliwa na joto hilo. Si lazima nyutrino nyingi zishikwe. Asilimia chache tu zinatosha, kwa sababu jumla yake ni kubwa kupita kiasi.

Fikiria sufuria ya uji kwenye jiko la makaa. Jiko ni ule mpira wa nyutroni, makaa ni nyutrino. Kifuniko ni wimbi lililokwama, na juu yake kuna mtu anaendelea kurundika mawe. Uji ukianza kuchemka haupandi sawasawa. Unatoa mapovu, upande huu unainuka, ule unazama, kifuniko kinatikisika. Na hicho ndicho wanasayansi wanachokiona leo wanapoigiza nyota inayokufa kwenye kompyuta kubwa kabisa duniani: mapovu ya moto yakipanda, gesi baridi ikishuka, wimbi likiyumba huku na huku, hadi upande mmoja ushindwe na kila kitu kifurike. Kuna nyota ambazo uji wake haufuriki kamwe. Hizo huanguka na kuwa mashimo meusi. Mabishano kuhusu ni zipi hulipuka na zipi hushindwa bado yanaendelea, na si mabishano madogo.

Chembe 24 zilizobadilisha kila kitu

Hadi 1987, haya yote yalikuwa hesabu tu kwenye karatasi. Kisha ikafika asubuhi ile ya Jumatatu.

Nchini Japani, ndani ya mgodi wa Kamioka, mita 1,000 chini ya mlima, kulikuwa na tangi la tani 3,000 za maji safi lililozungukwa na karibu macho 1,000 ya umeme. Liliitwa Kamiokande. Halikujengwa kwa ajili ya nyota. Masatoshi Koshiba na wenzake walilijenga kuangalia kama protoni huoza. Protoni zikakataa kuoza, wakaamua kulisafisha na kuliboresha ili angalau linase nyutrino za Jua. Kazi hiyo ilikuwa ndiyo tu imekamilika, na Koshiba alikuwa amebakiza kama mwezi mmoja astaafu.

Saa 10 na dakika 35 jioni, saa za Japani, ambayo ndiyo saa nne na dakika 35 yetu, tangi likaona vimulimuli 11 vya mwanga wa samawati ndani ya sekunde 13. Kila kimulimuli kilikuwa nyutrino moja iliyokubali kugonga. Kwenye mgodi wa chumvi huko Ohio, Marekani, tangi lingine liitwalo IMB lilinasa 8. Kituo cha Baksan katika milima ya Caucasus kilinasa 5. Jumla 24. Kati ya zote zilizoipenya sayari nzima, 24.

Na 24 zilitosha. Kutoka kwa idadi na nguvu zake, wanasayansi walirudisha hesabu nyuma na kupata jumla ya nishati iliyotoka, na ikalingana na makadirio. Muda wa sekunde kumi na kitu ulithibitisha kwamba nyutrino kweli zilikwama kwenye jamu kabla ya kutoka. Tena, kwa kuwa zilifika pamoja baada ya safari ya miaka 168,000, zikipishana kwa sekunde chache tu, ikajulikana kwamba uzito wake lazima uwe karibu na sufuri. Zingekuwa nzito, zile za mwendo wa polepole zingechelewa zaidi.

Mwanga ulifuata takriban saa tatu baadaye. Usidanganywe na mtu mtandaoni kwamba nyutrino zilishinda mwanga mbio. Hakuna kilichoushinda mwanga. Zilitoka kwenye jamu mapema, basi. Mwanga ulilazimika kungoja wimbi la mshtuko lifike juu ya uso wa nyota. Huko Chile, katika kituo cha Las Campanas, Oscar Duhalde alitoka nje akaiona kwa macho yake, na usiku uo huo Ian Shelton akaikuta kwenye picha aliyopiga.

Kuna Mwafrika kidogo kwenye stori hii pia. Reines, yule aliyeikamata nyutrino mwaka wa 1956, alikuwa mmoja wa viongozi wa tangi la IMB. Na kabla ya hapo, Februari 1965, yeye na Friedel Sellschop wa Afrika Kusini walikuwa wamenasa nyutrino ya kwanza ya asili, isiyotoka kwa tanuri la binadamu, ndani ya mgodi wa dhahabu karibu na Boksburg, kama kilomita tatu chini ya ardhi. Vyeti vingi vya sayansi hii vina vumbi la migodi.

Chuma cha Mtito

Turudi sasa pale mjini. Angalia vizuri siku nyingine ukishuka. Reli ya zamani, iliyojengwa miaka ya mwisho ya karne ya 19, ni chuma. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria 2017, ni chuma. Malori yote yale ni chuma. Udongo mwekundu unaochafua viatu vyako vyeupe ni mwekundu kwa sababu ya kutu, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Ndovu wa Tsavo wanaitwa ndovu wekundu kwa sababu wanajipaka udongo huohuo. Na damu yako ni nyekundu kwa sababu ya chuma.

Chuma hicho kilipikwa ndani ya nyota zilizolipuka kabla Jua letu halijazaliwa. Lakini hapa kuna jambo ambalo video nyingi za mtandaoni huliruka. Kile chuma cha moyoni, kilichosababisha moyo kuporomoka, hakitoki. Kimefungwa milele ndani ya mpira wa nyutroni. Chuma kinachotoka ni kipya, kilichotengenezwa na mlipuko wenyewe. Wimbi likifufuliwa na nyutrino, linapita kwenye silikoni na oksijeni na kuzipika kuwa nikeli. Nikeli hiyo haina utulivu. Nusu yake inageuka kobalti kwa siku 6, na nusu ya kobalti inageuka chuma kwa siku 77. Nyota ya 1987 ilitengeneza nikeli yenye uzito wa Dunia zaidi ya 20,000. Wanajimu waliuona mwanga wake ukififia miezi ile kwa mwendo uleule wa siku 77, kama mita ya stima inayohesabu chuma kinachozaliwa.

Haki itendeke: chuma kingi pia hutoka kwa milipuko ya aina nyingine, ya nyota ndogo zilizokufa, ambayo haitegemei nyutrino. Kwa hivyo siwezi kukuambia reli yote ya Mtito ni kazi ya nyutrino. Lakini oksijeni, ambayo ni karibu theluthi mbili ya uzito wa mwili wako na karibu nusu ya uzito wa mwamba unaoukanyaga, kwa sehemu kubwa sana ilitoka kwa nyota kubwa kama hii. Wimbi likibaki limekwama, oksijeni hiyo inaanguka ndani ya shimo na hakuna wa kuivuta puani.

Uhuru ya Malindi

Ukitoka Mtito ukateremka hadi Mombasa, halafu ukapanda pwani hadi Malindi, utafika karibu na jukwaa la San Marco, ambalo Waitaliano walilisimamisha baharini. Jumamosi, Desemba 12, 1970, miaka saba kamili tangu Kenya ipate uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa hilo. Msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kabisa kutengenezewa kazi ya kutazama miale ya eksirei kutoka angani. Iliorodhesha vyanzo 339. Kimoja, kinachoitwa Centaurus X-3, kilikuwa kinapiga kama moyo kila sekunde 4.8. Ilikuwa nyota ya nyutroni, mabaki ya moyo ulioporomoka, ikinyonya gesi ya nyota jirani yake. Mtito Andei kwa Kikamba ni msitu wa tumbusi, na sijui kama kuna jina linaloifaa tabia hiyo zaidi.

Mwaka wa 2002, Tuzo ya Nobel ya Fizikia iligawanywa kwa watu watatu. Nusu ilikwenda kwa Riccardo Giacconi, ambaye timu yake ndiyo iliyofanya kazi na Uhuru. Nusu nyingine waligawana Raymond Davis, aliyenasa nyutrino za Jua, na Masatoshi Koshiba wa Kamiokande. Yaani setilaiti iliyoruka kutoka bahari yetu na tangi lililonasa nyutrino za 1987 zimo kwenye tuzo moja. Mtoto wa shule anayepita Malindi leo hajui, na sioni ni kwa nini haimo kwenye vitabu vyake.

Ukitaka kuona mahali penyewe

Hapa ndipo giza linapoingia. Nairobi huwezi, taa ni nyingi. Lakini Mtito Andei iko karibu na ikweta na upande wake wa kusini ni mbuga ya Tsavo Magharibi, ambako hakuna mji wa kuchafua anga kwa mwanga. Katikati ya Januari, mwendo wa saa nne au tano usiku, zipe mgongo taa za barabara na utazame kusini. Tafuta Suheli, nyota ile nyeupe kali ambayo manahodha wa pwani wameitumia kwa karne nyingi. Nyoosha mkono, shuka ngumi mbili chini yake, kidogo kulia. Kama mwezi haupo, utaona doa la ukungu mweupe. Ni galaksi jirani, Wingu Kubwa la Magellan. Nyutrino zile zilitoka humo. Watu wa Ulaya hawawezi kuliona wakiwa kwao, linabaki chini ya upeo wao wa macho. Mnamo 2024, wanasayansi wanaotumia darubini ya James Webb walitangaza dalili kwamba ndani ya mabaki ya mlipuko huo kumekaa nyota ya nyutroni, ule mpira wenyewe.

Ile ya 1987 ilikuwa nje ya galaksi yetu. Ndani ya galaksi yetu, mara ya mwisho watu kuona supanova kwa macho bila utata ilikuwa 1604, wakati Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa jengo jipya. Makadirio ni kwamba hutokea kama moja hadi tatu kwa karne, ingawa nyingine hufichwa na vumbi. Tangi la sasa la Japani, Super-Kamiokande, lina tani 50,000 za maji. Nyota ikilipuka katikati ya galaksi yetu, halitanasa 11. Litanasa maelfu, na kwa mara ya kwanza tutaona kwa undani kama uji ulichemka au la.

Maabara hizo zimeunganishwa kwenye mtandao wa tahadhari unaoitwa SNEWS. Nyutrino zikinaswa na matangi kadhaa kwa wakati mmoja, ujumbe hutumwa kwa yeyote aliyejisajili, hata mwanafunzi mwenye simu na barua pepe. Hakuna tangi la aina hiyo Afrika Mashariki, lakini kujisajili hakuhitaji tangi.

Mgombea maarufu ni Ibuti la Jauza, nyota nyekundu begani mwa Jabari, ambayo wazungu huiita Betelgeuse. Iko mbali kati ya miaka-nuru 500 na 700 hivi. Inaweza kulipuka kesho au baada ya miaka 100,000, kwa hivyo usiombe ruhusa kazini bado. Kwa kuwa ni nyota iliyovimba sana, mwanga wake utachelewa nyuma ya nyutrino kwa muda unaoweza kukaribia siku nzima. Ukipata ujumbe huo ukiwa Nairobi asubuhi, una wakati wa kutosha kupanda basi ukafika Mtito kabla ya giza. Usiku wa Januari, Ibuti la Jauza hupita karibu kabisa na utosi pale, kwa hivyo dirisha la basi halitakusaidia. Itabidi ushuke.